Mgeni Aliyeomba Chumvi

Nyinyi vijana mnaobeba wageni siku hizi, mnaopigiwa simu na mgeni kabla hajapanda ndege kwao, najua mnavyonisema nikipita hapa Buyenzi na fimbo yangu. Papa Shabani, dereva wa zamani, yule wa gari za kusukuma. Semeni tu. Lakini juzi mmoja wenu alinijia kwa adabu, akasema amepata mgeni wa misyoni, wa siku tatu, na hajui amwonyeshe nini wala amlishe nini. Alitaka majina ya mahali ayatie kwenye simu aende zake. Nikamwambia kaa. Nikamweka mpaka adhana ya adhuhuri, na majina yenyewe nadhani aliyasahau. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyomwambia siku hiyo, pamoja na mengine niliyoyameza.

Kwanza jueni kwamba mgeni wa misyoni si mtalii. Mtalii kaja kuona, ana muda, ana kofia. Wa misyoni katumwa na wakubwa wake, kaja kazini. Kuona kwake ni kwa kuibia. Mchana yuko ofisini Rohero au bandarini anapigana na mashine. Jioni anatoka na njaa, na moyoni anajua keshokutwa anaondoka na hajaona kitu. Ukimpeleka mbali, unamchosha. Ukimwacha hotelini, atakula mayai ya kukaanga asubuhi na jioni, na akirudi kwao atasema Bujumbura hakuna kitu. Mji wetu una mengi ya kusikitisha, lakini hilo la mayai hatukustahili.

Mzee Rajabu aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mgeni usimpeleke mahali ambapo wewe mwenyewe huli. Samaki mtazame jicho. Likiwa limezama, mwambie mgeni leo tunakula nyama. Kiboko akitoka ziwani kula majani, usisimame kati yake na maji, maana huyo hana mjadala, atarudi kwake kwa njia aliyojia. Karibu na bandari na karibu na askari, simu ikae mfukoni. Hilo la mwisho nilimwambia mgeni mmoja, akaitikia kwa kichwa, kisha akatoa mkono dirishani akapiga picha. Tulikaa kwenye benchi mchana kutwa tukieleza kwamba alikuwa anapiga picha ya ndege mweupe. Ndege alikuwepo kweli, wallahi, lakini alikuwa amesimama mahali pabaya.

Mwingine nilimpeleka kula ndagala, hapa hapa kwetu, kwa ugali wa muhogo. Ndagala mnamjua, samaki mdogo kuliko kidole, unamla mzima na kichwa chake. Yeye akaanza kuwang'oa vichwa, mmoja mmoja, akivipanga pembeni mwa sahani. Sisi tumekula, tumenawa, tumekunywa chai, yeye bado anang'oa vichwa. Mke wangu alitoka nje kwenda kucheka.

Neno ambalo Mzee Rajabu alilirudia kuliko yote ni hili: dereva ana macho, hana mdomo. Mgeni anakula nini, anakula na nani, analia kwa sababu gani, yote yanabaki garini. Nililishika neno hilo kazi yangu yote isipokuwa mara moja, huko Kajaga, nilipobakisha muda kidogo tu nistaafu. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Haichekeshi.

Bwana Seif alitoka Tanga. Alikuwa fundi wa winchi, zile za kupakulia mizigo, na bandari yetu ilikuwa na moja iliyogoma. Akaja, mtu mnene kidogo, mcheshi, sauti yake inafika kabla yake. Tangu mlangoni pa uwanja wa ndege aliniita kaka Shabani kana kwamba tumenyonya titi moja. Aliniambia, “Kaka, kazi ya winchi niachie mimi. Wewe kazi yako ni kunilisha.” Nikampenda papo hapo, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi.

Zamani wageni niliwaanzishia soko kuu la Rohero. Humo mgeni alipata mji mzima chini ya paa moja, vitenge, ndizi, mafuta ya mawese, ugomvi. Tangu liungue, unampitisha unamwonyesha mahali lilipokuwa, naye anatazama kwa heshima kama anayeonyeshwa kaburi la mtu asiyemjua. Basi Bwana Seif nilimpitisha. Kisha nikampeleka Kibenga, akaone ziwa lilivyopanda. Kuna nyumba pale za watu waliojenga kwa jasho la maisha yao, maji yameingia mpaka madirishani, na nyumba moja pazia lilikuwa bado linaning'inia sebuleni, limeota ukungu. Bwana Seif alilitazama. Akaniuliza wenyewe wako wapi. Nikamwambia wengine wamepanga chumba kimoja, watoto na wote, wengine sijui. Akasema, “Mtu ale maisha yake, kaka. Maji hayapigi hodi.” Niliona ni maneno ya mtu aliyeguswa tu.

Na kula alikula. Brosheti za mbuzi alikula za watu wawili, na kila mshikaki ukija anaomba chumvi. Ndagala wa kukaanga alikula na vichwa bila kufundishwa. Sombe, kisamvu chetu, alilamba sahani, akinisimulia kwa utani chakula anacholishwa kwao. Nilikuwa nikimtazama kwenye kioo cha gari amefumba macho, anapumua kwa nguvu, nikidhani ni shibe. Siku ya pili nikaona amelegeza kamba za viatu. Siku ya tatu akaniomba tupite Buyenzi anunue kandambili, akashuka nazo miguuni, viatu kavishika mkononi. Nikamtania kwamba Burundi imeshamnenepesha mpaka nyayo. Akacheka sana.

Vijana, mtazameni mgeni miguu. Hakuna aliyenifundisha hilo, nawafundisha mimi. Na kabla hamjamkaribisha mezani muulizeni kama kuna kitu daktari amemkataza. Akiudhika, audhike.

Siku hiyo ya tatu winchi iliitika, na bandarini wakampigia makofi. Nikasema kazi ikiisha vizuri mgeni huenda Kajaga, kwa Mama Zaina. Huyu Mama Zaina ni mjane wa mvuvi, Mwislamu mwenzetu wa mjini, anachoma mukeke, samaki wa ziwa letu, pale ufukweni chini ya paa la mabati. Paa hilo amelihamisha kila ziwa likimfuata. Watoto wake wote wanakula kwenye moto ule. Anampasua mukeke, anampaka limau na pilipili, anamchoma taratibu, na pembeni anakupa bakuli la supu ya kichwa.

Sasa, supu ile hakupi hivi hivi. Warundi wana desturi kwamba anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, ujue hakina kitu. Sisi Waislamu wa mjini, kwa kukaa nao, tumeifanya yetu, kwenye chai, kwenye maji ya matunda, kwenye supu. Wapo wageni wanaochukia, wanaona wamepewa mabaki. Bwana Seif alipoona Mama Zaina anachota kijiko cha kwanza anakinywa mwenyewe, alifurahi kama mtoto. Akasema na mke wake afanye hivyo. Akanywa, akaomba chumvi, akanywa tena. Mikeke alikula miwili, akaomba chumvi. Mama Zaina akampa chombo chenyewe akiweke karibu yake.

Asubuhi yake nilikwenda hotelini kumpeleka uwanjani. Nikangoja. Watu wa hoteli walipofungua mlango, alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, amekwisha kufa.

Daktari akaandika kwamba ni moyo. Jamaa zake Tanga wakaomba kwa simu azikwe huku huku, maana kumsafirisha kungemchelewesha, na maiti wa Kiislamu hangoji. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Nililia, kwa mtu niliyemjua siku tatu.

Ndipo yakaanza mengine. Kwetu, nyinyi mnajua, daktari akisema moyo, watu wanasikia sumu. Shemeji yake marehemu akapiga simu hotelini kuuliza, mtu aliyeondoka anacheka amekufaje, na mara ya mwisho alikula wapi. Wa mapokezi akamjibu, mlinzi akasikia, na kabla ya Ijumaa maneno yalikuwa yamefika Kajaga: Mama Zaina kamuua mgeni. Ukisema lakini alionja, wanakujibu sumu haikai chunguni, inakaa chini ya ukucha wa dole gumba. Anaonja kwanza, halafu akikupa bakuli anachovya. Hilo nalo ni la zamani, mmelisikia kwa bibi zenu.

Wateja wakaisha. Wavuvi wakakataa kumuuzia. Mawe yakaanza kuanguka juu ya yale mabati, mchana kweupe, na aliyerusha haonekani. Shefu wa karitsiye, mkubwa wa mtaa, akamwita, akamwambia hana la kumshtaki, lakini hawezi kumlinda; ama jambo lisafishwe ama ahame. Ahame aende wapi? Mwanamke yule alikuwa amekata kucha zake mpaka kwenye nyama. Kila aliyemkaribia alimnyooshea mikono azitazame.

Miezi ikapita hivyo. Kwa nini miezi? Kwa sababu mke wa Bwana Seif alikuwa eda, na mjane aliye eda hasafiri. Alipotoka tu, akapanda basi. Tanga mpaka Kigoma, Kigoma mpaka kwetu, peke yake. Alinipigia kutoka mpakani akaniambia ni Mwanaisha, mke wa Seif, na kwamba anataka siku tatu. Hakutaka zaidi. Akasema, “Unionyeshe alichokiona, unilishe alichokila.”

Mama Zaina alisikia kabla sijamwambia, sijui kwa nani. Nilimkuta nje kwangu alfajiri, amefunga leso kichwani, hakutaka hata kuingia. “Papa Shabani, mi sijaua mutu,” akasema. “Uniletee huyo mama. Akikula kwangu mbele ya watu, nimepona. Akikataa, mi nahama na watoto wangu, sijui wapi.” Nikamwahidi nitamleta. Kuahidi ni rahisi asubuhi.

Bi Mwanaisha hakwenda hotelini, mke wangu alikataa. Tulimweka kwetu. Mwanamke mwembamba, mpole, anazungumza taratibu kile Kiswahili chao kizuri kinachotufanya sisi wa huku tuone haya kufungua mdomo. Mke wangu akampikia pilau kwa heshima yote. Mgeni akatia tonge moja mdomoni, akameza kwa shida, akaweka mkono pembeni. Mke wangu akabadilika uso. Ndipo Bi Mwanaisha akaomba radhi, akaeleza. Mume wake alikuwa mgonjwa wa moyo, muda mrefu. Miguu ilikuwa inajaa maji. Daktari alimkataza chumvi kabisa, na yeye Bi Mwanaisha aliitoa chumvi jikoni kwake. Hakumpikia mume chungu chake na yeye chake; walikula kimoja, miaka na miaka, mchuzi wa maji, samaki wa kuchemsha, ili mume asijione ametengwa. “Mdomo wangu umeisahau,” akasema. “Msinihesabie ubaya.”

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini. Chumvi! Zile brosheti, wale ndagala, ile supu, yale macho yaliyofumbwa, zile kandambili. Nilimkasirikia marehemu pale pale, Mungu anisamehe, kwa hasira ambayo sijawahi kumkasirikia mtu aliye hai. Alijua. Alijua kila mara aliponyoosha mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu kifo hakikumuumbua yeye, kilimwendea Mama Zaina.

Sasa tazameni nilipokuwa. Nikisema, Mama Zaina anapona, lakini yule mama aliyekula chakula cha mgonjwa miaka na miaka ili mume wake aishi, atajua kwamba mume alipopata tu siku tatu mbali naye alikimbilia chumvi. Nikinyamaza, yeye anarudi Tanga na heshima ya ndoa yake, na Kajaga wanampiga mawe mwanamke asiye na kosa. Mzee Rajabu alisema dereva hana mdomo. Alikuwa anazungumzia wageni wanaokunywa pombe kwa siri. Hakuwaza jambo la namna hii.

Siku mbili nilinyamaza. Esansi, yaani petroli, siku hizo ilikuwa haipatikani, foleni za magari zinalala barabarani, nikawa namzungusha kwa teksi ya jirani na mahali pengine kwa miguu. Nilimwonyesha bandari kwa mbali. Nilimwonyesha Kibenga, na lile pazia lilikuwa bado lipo. Kila mahali aliuliza alikula nini hapa, na kila mahali nilijibu, alikula kidogo tu, mama, alikuwa na kazi nyingi. Aliitikia. Sikujua kama ananiamini.

Jioni ya siku ya pili, tukitoka makaburini, ndipo aliponiambia jambo ambalo hakumwambia hata mke wangu. Alisema sanduku la mume wake lilipofika Tanga, alivikuta vidonge vyake vya kutoa maji mwilini, vyote, hakikuguswa hata kimoja. Vidonge vile vinamkimbiza mtu chooni kila mara, na yeye alikuwa kazini juu ya winchi. “Basi nimejua tangu siku ile,” akasema. “Lakini shemeji yangu aliposema sumu, kaka Shabani, nilifurahi. Nilitaka iwe sumu. Ningepata wa kumchukia.”

Nilitembea pembeni yake. Kulikuwa na vumbi, na watu wanarudi makwao.

Siku ya tatu tukaenda Kajaga, mchana. Habari zilikuwa zimetutangulia. Watu walikuwa wamesimama, wavuvi, wachuuzi wa ndagala, wanawake na watoto mgongoni, na shefu wa karitsiye amekaa kwenye kiti kana kwamba kaja kwa lake. Mama Zaina alikuwa peke yake motoni. Samaki alimpata wapi sijui, maana walikuwa hawamuuzii. Akaweka sahani mbele ya mjane, akaweka bakuli la supu, akachota kijiko cha kwanza akanywa, tukamwona koo likishuka. Kisha akakunja dole gumba ndani ya kiganja, akalisukuma bakuli kwa mgongo wa mkono, asije akaligusa kwa ukucha. Alilisukuma hivyo, na machozi yanamtoka.

Bi Mwanaisha alinawa. Akakaa. Hakugusa kitu.

Aliuliza, kwa sauti ya kawaida, “Mume wangu alikula nini hapa?”

Mama Zaina akafungua mdomo, akautazama ule umati, sauti haikutoka. Nadhani aliogopa kwamba lolote atakalosema litageuzwa. Mjane akanigeukia mimi.

“Siku mbili unaniambia alikula kidogo. Wewe ulikuwepo.”

Vijana, nimepita kwenye vizuizi vya barabarani enzi ambazo nyinyi mlikuwa hamjazaliwa, nimeshikiwa bunduki dirishani. Sikuwahi kuona ulimi wangu mzito vile. Nikasema. Nikamwambia alikula mikeke miwili, alikunywa supu akaongeza, na kabla ya hapo alikula brosheti na ndagala na kila nilichomwonyesha. Nikamwambia aliomba chumvi kila mahali, na hapa alipewa chombo chake peke yake. Nikamwambia miguu ilikuwa imevimba, alinunua kandambili.

“Na chakula changu?” akauliza. “Alikisemaje?”

Hapo ningeweza kudanganya. Mama Zaina alikuwa ameshapona kwa yale niliyosema, hakuhitaji zaidi. Lakini yule mama alikuwa ananitazama, na niliona kwamba anajua jibu tayari, anataka tu mtu mmoja duniani asimfiche.

“Alisema nyumbani analishwa chakula cha mgonjwa,” nikasema. “Hakusema kwamba mgonjwa ni yeye.”

Mvuvi mmoja akakohoa, wakamtazama vibaya. Kisha Bi Mwanaisha akasema aletewe chumvi.

Mama Zaina akaleta. Mjane akachukua kwa vidole, akamnyunyizia samaki, akala. Mlo ule sikuupenda kuutazama. Chumvi ilimchoma, mdomo ulikuwa umeisahau kweli, anameza na machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu na hayafuti. Alikula mpaka kwenye mifupa. Supu akainywa yote. Akanawa, akasimama, akawaambia wale watu:

“Mume wangu alikuwa mgonjwa wa moyo, na alijua. Huyu mama alimpa alichoomba, basi. Jiwe likianguka tena juu ya paa hili, limeniangukia mimi.”

Shefu wa karitsiye akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Mchuuzi mmoja wa ndagala, mwanamke mzima, akaja akakaa kwenye benchi, akaagiza samaki. Wa pili akafuata. Mama Zaina alisimama palepale, hajui afanye nini na mikono yake. Bi Mwanaisha akaishika yote miwili, akazitazama zile kucha, akazifunika kwa leso yake mwenyewe.

Niliwaambia mapema kwamba haichekeshi. Mama Zaina yuko mpaka leo, na ukimpeleka mgeni wako atakula vizuri, ila chumvi huiombi kwake bila kuulizwa kwanza habari za afya yako. Wageni wengine wanaona ni ushamba. Waacheni waone.

Kesho yake nilimsindikiza Bi Mwanaisha kwenye basi la Kigoma. Mke wangu alikuwa amemfungia mihogo ya kuchemsha, bila chumvi. Aliipokea, akashukuru. Alipokwisha kukaa dirishani, aliniuliza kama Seif alikuwa akicheka wakati anakula. Nikamwambia ndiyo, alicheka sana, mpaka watu wa meza nyingine walikuwa wakigeuka. Akafikiri kidogo. Akasema kwake mezani alikuwa hacheki, na kwamba yeye alidhani ni ugonjwa.

Basi lilipoanza kutetema, akainama dirishani. “Ukienda kumzuru,” akasema, “mwambie nimekula. Mwambie ilikuwa na ladha.”

Nimekwenda kaburini Ijumaa nyingi tangu siku hiyo, sasa nina nafasi, sibebi mtu. Namtolea salamu, namsomea Fatiha, nang'oa majani, narudi. Salamu ya mke wake ninayo bado. Kila nikisimama pale nataka kuitoa, hasira inanipanda, naondoka nayo.